Nimeletewa kigrainda cha mkononi, nataka kutengeneza pete ya fedha. Nianzie wapi?

kijana_chumbageni (Tanga)

Habari za humu, wakubwa shikamooni.

Shangazi yangu anaishi Marekani. Mwezi uliopita alipokuja likizo aliniletea Dremel 4000 kwenye boksi lake, na vichwa chungu nzima: vya kukatia, vya kusagia, vya felti (kitambaa kizito cha sufu) vya kung'arishia, vya msasa, na kimoja kama brashi ya waya. Aliniona siku nyingi nahangaika na shanga na nyaya za shaba, akasema mashine hii itanisaidia. Nia yangu ni moja. Nataka kumtengenezea mama pete ya fedha, kwa mkono wangu mwenyewe, kabla ya harusi ya dada yangu. Pete yake aliiuza nikiwa darasa la sita ili nilipiwe ada. Hajawahi kuitaja, lakini mimi sijasahau.

Fedha ninayo kidogo. Bibi mzaa mama alituachia vikuku viwili, kimoja kimekatika, pamoja na sarafu mbili: shilingi ya zamani yenye simba, ya mwaka 1925, na ile reale kubwa yenye sura ya mwanamke, imeandikwa 1780.

Maswali yangu:

Mashine imeandikwa volti 120. Naogopa kuichomeka.

Kikuku kilichokatika nilijaribu kukiunga kwa ule waya wa kulehemu redio na pasi yake. Kilishika, lakini nilipokivuta kidogo tu kikaachia, na pale kwenye kiungo pamebaki doa la kijivu. Nimekosea wapi?

Halafu hivi vichwa, kipi kinafanya nini? Nimeangalia video nyingi, wote wanaongea haraka na wana karakana nzima. Mimi nina meza ya jikoni na dirisha moja.

---

fundi_umeme_tabata (Dar es Salaam)

Kijana, umefanya vizuri kuogopa. Usiichomeke. Umeme wetu ni volti 230, karibu mara mbili ya unaotakiwa na mashine hiyo. Utaisikia ikilia kwa nguvu sekunde chache, kisha moshi, na hapo ndio basi.

Tafuta transfoma ya kushusha umeme, 230 kwenda 120. Angalia kibati cha mashine, utaona imeandikwa ampea 1.6 hivi. Zidisha kwa 120 unapata kama wati 190. Kwa hiyo nunua transfoma ya wati 300 kupanda juu, ya 500 ukiipata ni bora zaidi, haitachemka. Iwe transfoma yenyewe, nzito, yenye chuma ndani. Viadapta vyepesi vya mfukoni vinabadilisha umbo la plagi tu, volti zinabaki zilezile. Mota ya mashine hizo ni ya brashi za kaboni, kwa hiyo tofauti ya hertzi 50 za umeme wetu na 60 za Marekani isikuumize kichwa.

Mambo ya pete nawaachia wenyewe.

---

BintiMkomani (Lamu)

Mwanangu wa Tanga, nimesoma habari ya pete ya mama yako mara mbili. Nitakujibu kwa urefu, kwa hiyo vuta kiti.

Mimi ni mfua fedha hapa Lamu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nilifundishwa na mjomba wangu, naye alifundishwa na baba yake, wakati ambapo msichana kukaa kwenye kibanda cha sonara lilikuwa jambo la watu kuuliza. Mjomba hakuwa na mashine yoyote ya umeme. Mimi ninayo, ninaipenda, naitumia kila siku. Lakini nataka nikuambie jambo ambalo hizo video hazikuambii: pete haitengenezwi na hiyo mashine. Pete inatengenezwa na msumeno, tupa, nyundo na moto. Mashine inakuja mwishoni, kwenye kusafisha, kutoboa na kutia nakshi. Ukianza nayo mwanzo utapoteza fedha ya bibi yako iwe vumbi, na utabaki unajiuliza kwa nini pete ina mabonde.

Nianze na lile doa la kijivu, maana ndilo limenitia wasiwasi.

Waya wa redio ni bati, na mara nyingi una risasi ndani yake. Unayeyuka chini ya nyuzi 200. Unashikilia juujuu tu, ndiyo maana kikuku kimeachia. Ubaya wake mkubwa uko mbele: siku utakapokitia hicho kikuku kwenye moto wa kweli, ile risasi itaingia ndani ya fedha na kuila, utaona mashimo kama jino bovu. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote kata ile sehemu yote yenye doa, milimita mbili tatu kila upande, uiweke mbali. Usiitie kwenye chombo kimoja na fedha safi. Usikwangue ukadhani umemaliza. Kata.

Na mwingine atakuambia ukanunue fimbo za mafundi friji kwa sababu zinaitwa lehemu ya fedha. Mimi niliuziwa hizo mwaka wangu wa pili, muuzaji akaniapia kuwa ni lehemu ya sonara. Zile zimetengenezwa kwa ajili ya mabomba ya shaba, fedha iliyomo ni kidogo mno, rangi yake haifanani na ya fedha, na baadhi zina kadimiamu ambayo moshi wake ni sumu ya mapafu. Niliharibu jozi ya hereni ya mteja nikalipa. Nenda kwa sonara uso kwa uso, mwambie akuuzie kipande cha lehemu ya fedha isiyo na kadimiamu. Iko ngumu, ya kati na laini, maana yake ni moto unaohitajika kuiyeyusha. Kwa pete yenye kiungo kimoja chukua ile ngumu. Gramu moja itakutosha pete nyingi.

Sasa usiguse fedha kwanza. Nenda kwa fundi umeme mwombe kipande cha waya wa ethi, ule mnene wa shaba usio na nyuzinyuzi. Uchune, upashe moto mpaka uwe mwekundu wa kufifia, uzamishe kwenye maji. Utalainika kama umechemshwa. Ufue kwa nyundo juu ya chuma laini kisicho na mikwaruzo mpaka uwe bapa. Ukianza kukaza, pasha tena. Shaba na fedha zina tabia moja hapo, ukizipiga zinakuwa ngumu, ukizipasha zinasamehe. Tengeneza pete nne za shaba kabla ya ile moja ya mama. Nne, sijasema moja.

Kipimo. Chukua pete inayomkaa mama kwenye kidole hicho, hata ya plastiki, upime upana wa ndani. Tuseme ni milimita 17. Bati lako la fedha tuseme lina unene wa milimita 1.2. Jumlisha, unapata 18.2, zidisha kwa 3.14, inakuja 57 na kidogo. Ndio urefu wa kukata. Wengi husahau kuongeza ule unene, pete ikatoka ndogo wakalaumu nyundo. Ukiifanya upana wa milimita 4, pete nzima itakuwa na uzito wa kama gramu 2.8, kwa hiyo kikuku kimoja kinakutosha na kubaki.

Kata kwa msumeno wa sonara, ule wenye wembe mwembamba kama uzi. Meno yaelekee chini, kwenye mpini, kwa sababu unakata unapovuta chini. Pitisha wembe kwenye nta ya nyuki. Utavunja nyembe nyingi mwanzoni, nunua dazeni. Mashine yako ina vile vidiski vyekundu vya kukatia, najua vitakuvutia. Kidiski kinakula upana mara tatu ya msumeno na ukikipinda kidogo kinapasuka, vipande vinakimbilia usoni. Hata kwa shaba sikupi ruhusa bila miwani ya kazi. Hii miwani ya kusomea haihesabiki.

Kunja pete mpaka ncha zikutane. Hapa ndipo mahali pa kukaa. Tia tupa kwenye ncha zote mbili, kutanisha, inua juu uangalie dirishani. Ukiona mwanga unapita, hata unywele, rudia. Lehemu haijazi pengo, mwanangu. Inakimbia kwenye kiungo kilichobanana kama maji yanavyopanda kwenye utambi, na penye pengo inakaa upande mmoja inakutazama. Mjomba alikuwa ananirudishia pete mara sita saba bila kusema neno, ananionyesha dirisha tu.

Kisha moto. Tochi ndogo ya gesi ya butani inatosha kwa pete. Weka pete juu ya tofali jepesi la tanuri, kiungo kikiwa juu. Paka boraksi, ule unga unaosaidia lehemu kukimbia, iliyokorogwa na maji kama uji mwepesi, kwenye kiungo na pete nzima. Weka vipande viwili vya lehemu vidogo kama punje ya ufuta. Punguza mwanga chumbani uone rangi ya chuma vizuri, lakini dirisha liwe wazi. Zungusha moto kwenye pete nzima, usiuelekeze kwenye lehemu. Kwanza boraksi itavimba iwe nyeupe kama povu, usiogope, ikisogeza lehemu irudishe kwa ncha ya chuma. Halafu itatulia, itakuwa kioo, inang'aa. Hapo umekaribia. Leta moto karibu na kiungo, pande zote mbili sawasawa, kwa sababu lehemu inafuata upande wenye moto zaidi. Ghafla utaona mstari mweupe unamulika, unapita kama mtu amechora kwa kalamu ya maji. Ondoa moto papo hapo. Ukichelewa kidogo, pete yenyewe inaanza kulainika, maana fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha kwa elfu, inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 800 na kitu, na lehemu ngumu haiko mbali na hapo.

Mimi bado nashikwa na furaha kila nikiuona mstari huo.

Ikipoa, itie kwenye maji ya uvuguvugu yenye ule unga wa uchachu wa sitriki wanaotumia watengeneza juisi. Sisi zamani tulitumia ndimu na chumvi, polepole lakini inafika. Pete itatoka nyeupe kama chaki. Itoe kwa kijiti au koleo la shaba. Usitie koleo la chuma humo. Nililitia mimi, na bangili nne za bibi harusi zikatoka za waridi, kwa sababu shaba iliyoyeyuka kwenye yale maji inaikimbilia fedha ikigusana na chuma. Nilikesha nikizisugua.

Haya, sasa ndio Dremel.

Weka kasi chini. Mashine yako inakwenda mizunguko 5,000 mpaka 35,000 kwa dakika, na kazi yangu karibu yote iko kati ya 5,000 na 15,000. Ile brashi ya waya mwisho wake ni 15,000, ukizidisha nyaya zinachomoka zinaruka kama sindano. Kichwa cha msasa kilichoviringwa ni kizuri kwa ndani ya pete, pale tupa haifiki vizuri. Usikae sehemu moja, kiwe kinatembea, la sivyo kinachimba. Baada ya msasa wa mashine, rudi kwa msasa wa mkono, namba 400, kisha 800, kisha 1200, kila namba laini kuliko iliyopita, kila mara ukibadilisha mwelekeo mpaka mikwaruzo ya kwanza ipotee. Felti ni ya mwisho kabisa, na dawa yake ya kung'arishia, ile ya kahawia kwanza, nyekundu baadaye. Usitumie felti moja kwa dawa mbili.

Utashangaa pete inavyochoma vidole unapoing'arisha. Fedha inapitisha joto kuliko metali nyingine yoyote. Ishike kwa kibano cha mbao chenye ngozi. Usivae glavu za kitambaa, kichwa kinaweza kuzikamata na kidole kikafuata. Mikono mirefu ya kanzu kunja, ncha za mtandio ingiza ndani. Na usije ukang'arisha mkufu kwa mashine ukiwa umeushika hewani. Mkufu ulinikamata mwaka 2011, ukajiviringisha kwenye kichwa, ukanichapa vidole vitatu kabla sijafikia swichi. Kovu la kidole cha shahada ninalo. Mkufu unalazwa juu ya ubao, unang'arishwa kipande kwa kipande, na mimi siku hizi nausafisha kwa mkono tu.

Sisi wa Lamu mashine hii inatufaa zaidi kwenye pete za vigae, zile zinazovikwa vipande vya sahani za kale za Kichina vyenye maua ya buluu. Mjomba alikuwa anasaga kigae kwenye jiwe, nusu siku kwa kipande kimoja. Mimi natumia kichwa cha almasi, kasi ya chini, kigae kimelazwa juu ya sifongo lililolowa, na nusu saa tu ukingo umekuwa laini. Maji ni lazima, vumbi la kigae likiingia kifuani halitoki. Mashine yenyewe ishike juu ili maji yasiteremke kwenye mota. Hiyo ni ya baadaye kwako, nimeitaja kwa sababu naipenda.

Kwa sarafu zako, usiyeyushe kitu mpaka tuzungumze.

---

fundi_meno_moshi (Moshi)

Mama hapo juu amemaliza. Mimi natengeneza meno bandia, naongezea moja ambalo litakuokolea pesa.

Koleti, ile sehemu inayobana kichwa, iliyokuja ndani ya Dremel inashika mpini wa milimita 3.2. Vichwa vizuri vya masonara, na vyetu sisi wa meno vya mashine ya kushika mkononi, vina mpini wa milimita 2.35. Ukivitia kwenye koleti ya 3.2 vinacheza, vinatoka vimepinda, au vinaruka. Agiza koleti ndogo ya 2.4, bei yake ni ndogo. Ukishaipata, dunia yote ya vichwa vya meno imekufungukia: vya kabaidi (madini magumu sana) vya kuchongea, vya raba vya kung'arishia, vya duara kama gololi kwa ajili ya nakshi. Waulize wauza vifaa vya meno, wana vidogo kuliko utakavyopata kwenye maduka ya mafundi mbao.

Vile vya raba uviendeshe polepole. Ukivipa kasi vinayeyuka vinaacha utelezi mweusi kwenye fedha, unasugua siku nzima.

Na barakoa, ndugu. Ya vumbi, ya kuziba vizuri. Unga wa kung'arishia unauvuta bila kujua.

---

kijana_chumbageni

Shikamoo mama BintiMkomani. Sijui niseme nini. Nimeyanakili yote kwenye daftari. Fundi wa Tabata, transfoma nimeipata, wati 500, na mashine inaunguruma vizuri. Wa Moshi, koleti nimeagiza.

Doa nimelikata. Nilipolikata nikaona ndani limeingia kweli, kijivu kina kama milimita moja.

Sarafu nifanyeje? Nilidhani niziyeyushe pamoja na vikuku, fedha iwe nyingi.

---

BintiMkomani

Marahaba mwanangu.

Shilingi ya simba iache. Zile za 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu, robo tatu ni madini mengine. Sarafu yenyewe haifiki gramu nane, kwa hiyo fedha iliyomo haitimii gramu mbili. Ukiichanganya na kikuku kizuri unakishusha hadhi kikuku, unapata madini magumu yanayopasuka chini ya nyundo na kupiga weusi haraka. Mpe mama aiweke kwenye kabati.

Vikuku vipeleke kwanza kwa sonara avijaribu kwa tindikali yake. Visiwe vya ile inayoitwa fedha ya Kijerumani, ambayo ni shaba, nikeli na zinki, fedha hamna hata chembe. Vikiwa safi, mlipe akuyeyushie na akupitishie kwenye roli, mashine ya kubana bati liwe jembamba, mpaka milimita 1.2. Kazi hiyo kwa vifaa vyako vya jikoni ni hatari na utapata bati lenye vishimo. Kaa pale uangalie fedha yako inavyoingia kwenye kikombe cha kuyeyushia na mkuo, yaani pande la fedha iliyoganda, unavyotoka kwenye kalibu. Pima uzito kabla na baada. Fundi mwaminifu hakatai kuangaliwa. Ukimkuta bado ana chamburo ukutani, lile bamba la matundu la kuvutia waya, mwombe akuonyeshe kazi yake, maana siku hizi waya unanunuliwa tayari na vijana wengi hawajaliona.

Reale sijui nisemeje. Moyo wangu unakataa. Wengine waseme.

---

mzee_ruwi (Maskati)

Salaam aleikum wanangu. Nimezaliwa Unguja, nimezeekea huku Omani, na Kiswahili changu bado nakilinda.

Reale hiyo ni ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Alifariki mwaka huo wa 1780, na sarafu zikaendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo miaka na miaka, kwa hiyo yako yaweza kuwa ya juzi au ya kale, tarehe haikuambii. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo, na fedha ni sehemu 833 kwa elfu. Huku Omani, mapambo mengi ya fedha ya mama zetu, vikuku, vidani, ala za majambia, yalifuliwa kutokana na reale hizo. Walizipenda kwa sababu zilijulikana, hazikudanganya. Na pwani yenu zilitumika sokoni pia.

Kwa hiyo kuiyeyusha si jambo geni, imefanywa mara elfu. Lakini nyanya yako alikuwa na vikuku vya kuvaa na akaibakiza hii nzima. Kina mama wa zamani waliiacha reale nzima kwa sababu. Ya akiba, ya mahari, ya siku mbaya. Ningekuwa wewe ningeizungushia ukingo wa fedha pembeni, bila kuitoboa, aivae mama yako kama kidani. Kuiyeyusha ni siku moja, kuirudisha hakuna.

---

kijana_chumbageni

Wakubwa, nimerudi baada ya wiki tano.

Vikuku vilikuwa fedha kweli. Sonara mmoja hapa mjini alivijaribu, akayeyusha, nikakaa pale muda wote. Viliingia gramu 31, ukatoka mkuo wa 30.6. Bati nilikabidhiwa la 1.2 kama mlivyosema. Alikuwa na chamburo. Lilikuwa la babu yake.

Pete za shaba nilitengeneza sita, si nne. Ya kwanza iliyeyuka ncha. Ya pili na ya tatu lehemu ilikaa upande mmoja, pengo. Ya nne nilikaa dirishani na tupa tangu adhuhuri mpaka alasiri, na ule mstari mweupe ukapita mbele ya macho yangu, nikapiga kelele mpaka mdogo wangu akaja mbio akidhani nimeungua.

Ya fedha nimeiunga juzi. Kiungo sikioni, nimekitafuta kwa kioo cha kukuzia sikioni. Nimetia msasa, nimetia felti, inang'aa kweli. Lakini jana nikiiangalia kwenye mwanga wa dirisha naona kama wingu, rangi ya zambarau na kijivu, upande mmoja. Nikiing'arisha linazidi kuonekana. Nilidhani ni uchafu, nimeosha kwa sabuni, halitoki. Pete ilikuwa gramu 2.9, sasa ni 2.5. Naogopa kuendelea kusugua iishe. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Reale sijaigusa. Nimemwonyesha mama maandishi ya mzee wa Maskati, akasoma kimya, akaifunga kwenye leso yake akaondoka nayo.

---

BintiMkomani

Alhamdulillahi. Kiungo kisichoonekana kwenye pete ya kwanza ya fedha! Mjomba angekupa chai.

Hilo wingu si uchafu. Ni shaba iliyomo ndani ya fedha, imeungua kwa moto ikakaa chini ya ngozi ya juu. Msasa umefungua ngozi, ndiyo maana unalizidisha. Kila sonara analo, nawe muda wa kulishughulikia unao.

Acha felti. Una njia mbili. Moja ni kurudi kwa msasa wa 400 na kulitoa lote mpaka chini, itakula labda gramu 0.1 nyingine. Nyingine, ambayo ningeichagua kwa pete yako kwa sababu imeshapungua, ni kuipasha moto mpole bila kuifanya iwe nyekundu, kuitia kwenye maji yako ya uchachu, kuisugua kwa brashi laini na sabuni, na kurudia hivyo mara nne tano. Kila mara shaba ya juu inaondoka na inabaki ngozi ya fedha tupu, nyeupe. Ukimaliza, usiipe felti wala msasa tena, utaitoboa hiyo ngozi. Isugue kwa brashi ya shaba ya njano, kwa mkono, na maji ya sabuni. Itakuwa na mng'ao mpole kama wa mbalamwezi, na mimi kwa mkono wa mama naupenda zaidi kuliko ule wa kioo.

Pete ijayo, kabla ya moto, ipake boraksi nzima, ndani na nje, bila kuacha hata ukucha. Naona ulipaka kwenye kiungo zaidi.

Na hizo gramu 0.4 ziko kwenye meza yako, kwenye gazeti na kwenye msasa uliotumika. Kung'uta, pitisha sumaku utoe chembe za chuma za tupa, zilizobaki ufunge kwenye karatasi uandike fedha. Ukifika gramu kumi mrudishie yule sonara mwenye chamburo.